Abdiel Amepata Nyumba Kisongo

Jumatatu, 1 Juni

Baridi. Mlima umefunikwa na mawingu tangu asubuhi. Mwenye nyumba amekuja kabla sijafungua duka, akatukusanya uani wapangaji wote watano, akatuambia tuwe tumeondoka ifikapo mwisho wa Agosti. Anabomoa. Anajenga lodge ya wageni watakaokuja kutazama mpira.

Miaka kumi na moja nimepanga hapa Kaloleni, chumba na sebule, na kodi nimechelewesha mara tano tu. Hakunitazama. Alimtazama Abdiel, akamwambia pole sana fundi. Mimi sikuambiwa pole.

Abdiel ni jirani yangu wa mlango wa pili. Fundi friji, mtu wa Machame. Anaishi na mkewe, watoto wawili, na mama yake, Bibi Aikaeli, ambaye mguu wake mmoja haukunjiki. Kwenye kwaya ya usharika Abdiel anapewa ubeti wa pili aimbe peke yake. Mimi nimo kwenye kwaya hiyohiyo miaka tisa. Sijapewa hata kiitikio.

Saa nne akaja dukani kwangu kutoa kopi. Fomu. Nikamwuliza ya nini. Akasema bila kuficha kwamba ni ya Nyumba Nafuu, zile ghorofa mpya za Kisongo, upande wa uwanja wa ndege. Aliichukua wiki iliyopita kwenye ofisi ya mradi, Kijenge. Wiki iliyopita! Tulikuwa hatujafukuzwa na mwenzangu ameshachukua fomu. Nikamwuliza alijuaje. Akasema ilitangazwa kanisani. Kanisani nilikuwepo. Sikusikia tangazo lolote. Nilikuwa namwangalia Abdiel anavyokohoa kidogo kabla ya kuimba, kama mtu mkubwa.

Nimetoa kopi mbili. Moja yake, moja yangu.

Jumanne, 2 Juni

Duka halikuwa na watu, nimesoma kopi ya Abdiel mara tatu. Masharti yako ukurasa wa kwanza. Unalipa asilimia kumi ya bei mwanzoni, kisha unalipa kila mwezi kama kodi kwa miaka ishirini, mwishoni nyumba ni yako. Anayestahili awe amekaa jijini miaka mitano au zaidi. Asiwe na nyumba wala kiwanja ndani ya mipaka ya jiji. Kipato cha kaya nzima kwa mwezi kisipungue laki nne, kisizidi milioni moja na laki mbili. Baada ya hapo ni alama. Ukiwa na wategemezi unaongezewa alama. Ukiwa na mzee au mgonjwa, unaongezewa. Ukiwa unabomolewa, vilevile.

Rahisi mno. Hapo ndipo nikashtuka.

Kitu kizuri hakigawiwi hivi. Mimi natoa kopi za fomu za watu kila siku, najua. Kinachoandikwa ni cha kuwatuliza wananchi. Kinachotakiwa hasa hakiandikwi. Nani atataka kaya ya watu sita ghorofani? Wataziba vyoo. Na mwenye laki saba kwa mwezi, kwa nini asaidiwe? Wanamtaka maskini wa kweli, mtu na mkewe, wakimya, wasio na mizigo. Ni akili tu.

Halafu nikaangalia alivyojaza Abdiel. Mama yake hakumwandika. Mtoto wa marehemu dada yake, anayemsomesha Moshi, hakumwandika. Kazi za Jumamosi hakuziandika. Kumbe naye mjanja. Naye ameshajua.

Jumatano, 3 Juni

Nimempata. Nilimwita Abdiel dukani, nikamketisha, nikaongea naye kama kaka. Nikamwambia kwamba mradi unataka ukweli mtupu. Amwandike mama na mguu wake, aambatanishe na cheti cha hospitali. Amwandike yule mtoto wa Moshi na risiti za ada. Kipato aandike chote mpaka cha Jumamosi. Akasema alihofia wataona kaya yake ni kubwa mno. Nikamwambia asihofu.

Akajaza upya palepale. Watu sita. Laki saba na arobaini. Nilimchapia bure, nikambania na pini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu anibariki. Jioni mkewe akaleta bakuli la mtori. Nilijisikia vibaya kidogo, nikala. Mtamu kuliko wa kwetu. Kila kitu chao kitamu kuliko cha kwetu. Hisia mbaya ikaisha.

Jumamosi, 6 Juni

Nimefunga duka mapema nijaze fomu yangu.

Idadi ya watu katika kaya: wawili. Mke wangu Anande akauliza Evelyn yuko wapi. Nikamweleza kwamba binti yetu yuko bweni, karibu mwaka mzima analala kwa serikali, kwa hiyo ni wa serikali. Akauliza likizo analala wapi. Nikageuza ukurasa.

Kipato: laki moja na nusu. Kazi ya mke: mama wa nyumbani. Hapo niliziba kwa kiganja, kwa sababu Anande anauza nguo za watoto za mtumba soko la Kilombero mwaka wa saba sasa, na kuna miezi ananizidi. Kuna miezi mingi.

Nikafika swali la ardhi. Jasho likanitoka na baridi hii. Mimi nina shamba. Nkoaranga, kule mlimani, ekari moja na robo, migomba na kahawa, na nyumba ya baba ya vyumba vitatu, na makaburi ya wazazi pembeni. Baba aliniachia mimi mkubwa. Mdogo wangu Fanuel anakaa humo na ndiye anayelihudumia, lakini karatasi ina jina langu.

Anande akasema Nkoaranga ni wilaya ya Meru, siyo jijini, na swali linasema ndani ya mipaka ya jiji. Nikamwambia mlima wote unaonekana ukisimama mlangoni pa duka langu. Kama mimi nauona, wao hawauoni? Akaniambia nisome swali tena. Nimechoka kuambiwa nisome.

Abdiel hana shamba. Kihamba cha kwao, shamba la ukoo, alipewa kitindamimba, ndiyo mila yao. Yaani yeye hana ardhi bila hata kutoka jasho. Watu wengine wamezaliwa na bahati.

Jumapili, 7 Juni

Sikwenda kwaya. Nilimwambia Anande kwamba Fanuel anaumwa, napanda kumwona. Nilimkuta Fanuel mzima kabisa, anakata majani ya ng'ombe.

Nikamweleza kwamba nataka shamba liandikwe jina lake, kwa muda tu. Nikishapata nyumba Kisongo ananirudishia. Akauliza kama nimepata matatizo mjini. Nikasema hapana. Akauliza kama shemeji anajua. Nikasema mambo ya ukoo ni ya ukoo. Akawa anafuta panga kwenye nyasi.

Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wa ukoo. Mzee mmoja akataka kujua maneno "kwa muda" yaandikwe wapi. Nikasema yasiandikwe kabisa, maana watu wa mradi wakiyaona nimekwisha. Fanuel akaweka kalamu chini.

"Kaka, mimi nikisaini nimesaini. Usije ukaniambia baadaye tulikuwa tunacheza."

Nikamwambia asaini, muda unakwenda. Akasaini. Nami nikasaini. Mwenyekiti akapiga muhuri. Mke wa Fanuel akatupa loshoro ya mahindi na maziwa mgando, tukala. Niliteremka mlima nikiwa mwepesi kabisa, sina hata mgomba mmoja duniani. Mara ya kwanza nilijiona nimelingana na Abdiel.

Jumanne, 9 Juni

Kijenge, ofisi ya mradi. Foleni mpaka nje. Afisa ni binti wa Kimaasai, anaitwa Nosim. Amenipa shikamoo vizuri, akasoma fomu yangu taratibu, akifuata kwa kidole.

Akauliza tunalipa pango kiasi gani. Nikasema laki na ishirini. Akauliza kama hizo elfu thelathini zinazobaki ndizo tunazokula mwezi mzima watu wawili. Nikasema tunafunga sana. Akanitazama. Akanieleza kwa upole kwamba kaya isiyofikisha laki nne haipiti, kwa sababu haitaweza kulipa kila mwezi na mwisho itatolewa, na kwamba kama nimekosea kuandika naweza kurekebisha pale pale mbele yake. Akanisogezea kalamu.

Mtego huo. Nikamrudishia kalamu. Nikamwambia mimi huwa siandiki mara mbili.

Akagonga muhuri wa kupokelewa. Akasema watapita nyumbani kukagua wiki hii, siku haitajwi.

Nilipokuwa natoka, Abdiel anaingia amemshika mama yake mkono. Foleni nzima ikawapisha. Watu walikaa tangu saa moja asubuhi na wakawapisha! Mimi magoti yangu yote yanakunjika, nilisimama saa tatu.

Alhamisi, 11 Juni

Wazo limenijia nikiwa naweka karatasi kwenye mashine. Wanakuja kukagua. Wakikuta friji na TV, watasema maskini gani huyu. Lakini wakivikuta kwa Abdiel, watasema maskini gani yule.

Ndege wawili kwa jiwe moja.

Nikamwendea Abdiel, nikamwambia friji yangu haigandishi, aichukue aiangalie akipata nafasi, hakuna haraka. Na TV nikaomba anihifadhie, nikasema ukuta wetu una unyevu. Akavibeba mwenyewe, friji mgongoni, hata hakuomba kushikiwa. Ana mgongo mzuri pia, huyu mtu.

Makochi nimeyafunika kwa viroba vya mkaa. Pazia nimetoa. Anande alirudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni, akauliza kama tumeibiwa. Nikamwambia avumilie siku mbili tatu. Maziwa yameharibika.

Ijumaa, 12 Juni

Walikuja saa tano, Nosim na mwenzake wa kiume mwenye kishikwambi. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nosim akaangalia viroba. Akaangalia kona ya sebule, pale sakafu ilipobaki mraba mweupe, safi, saizi ya friji. Akauliza hapo pana nini. Nikasema huwa tunapiga magoti hapo kuomba. Mwenzake akaandika kitu.

Wakaenda kwa Abdiel. Nikasimama nyuma ya mlango wangu nisikie. Nilisubiri waseme friji mbili, TV mbili, ya nini yote haya. Walisema kweli. Na Abdiel akawajibu, kwa sauti ileile ya ubeti wa pili, kwamba friji ya pembeni ni ya Baba Evelyn, aliambiwa haigandishi, lakini ameipima jana na haina tatizo lolote, inagandisha vizuri sana. Na TV ni ya Baba Evelyn pia. Bibi Aikaeli akadakia kutoka kitandani.

"Baba Evelyn ndiye aliyemfundisha mwanangu kuandika kila kitu. Huyo ni mtu wa kweli, mwandikeni."

Wakanywa chai ya maziwa. Nilihesabu dakika arobaini. Kwangu walikaa kumi.

Wanatoka, na Anande huyo anaingia na furushi lake la mtumba kichwani. Nosim akamsalimia, akamwuliza anafanya kazi gani. Mke wangu akamwambia. Akamwuliza ana watoto wangapi. Akamwambia na shule anayosoma, na darasa. Nilikuwa namkonyeza kutoka dirishani mpaka jicho likaniuma. Pazia nilikuwa nimelitoa, kwa hiyo aliniona. Wote waliniona.

Jumatano, 17 Juni

Majina yamebandikwa. Abdiel yumo. Jengo A, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule.

Mimi simo.

Nimesoma orodha kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Abdiel alikuwa kando yangu analia. Akanikumbatia mbele ya watu, akasema asingepata bila mimi, wategemezi na mguu wa mama ndivyo vilivyompa alama. Watu wakanipongeza. Mtu mmoja akaniomba nimsaidie na yeye kujaza fomu.

Nimefunga duka saa sita. Nimewaambia watu mashine imeharibika.

Alhamisi, 18 Juni

Nimekwenda Kijenge kudai haki yangu. Nosim akanipa kiti. Akafungua faili, akanisomea. Kipato cha uongo. Idadi ya watu ya uongo. Kazi ya mke ya uongo. Mali kufichwa. Mwombaji anayesema uongo anafutwa kwa awamu hii, na sharti hilo lipo chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, juu ya saini yangu.

Nikamwambia waziwazi kwamba ningeandika ukweli nisingepata. Akachukua karatasi, akaniuliza moja moja, akaanza kuandika. Laki mbili na nusu za duka, laki tatu na nusu za mke, jumla laki sita. Ipo ndani. Miaka kumi na moja jijini. Mtoto mmoja anasoma. Nyumba inabomolewa. Akapiga mstari.

"Ungepita, baba. Wala isingekuwa kwa shida."

Sijawahi kusikia sentensi mbaya kama hiyo, na ameisema kwa adabu.

Nikamwuliza, na shamba? Akauliza shamba gani. Nikamwambia lile la Nkoaranga, ambalo nimeshaligawa ili nistahili. Akaacha kuandika. Akasema Nkoaranga si jiji. Kisha akauliza kama nimeligawa kwa maandishi.

Nilipofika nyumbani Anande alikuwa na simu mkononi. Fanuel alikuwa amempigia kumwuliza kama kwenye ile nyumba ya baba angependa tuachiwe chumba cha mbele au cha nyuma, maana anataka kuanza ukarabati. Anande hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikunja nguo za mtumba moja moja, mashati madogo ya watoto, akayapanga mpaka yakaisha. Ndipo akasema.

"Umempa mdogo wako shamba ili usipewe nyumba."

Nikamwambia haikuwa hivyo. Nikajaribu kumweleza ilivyokuwa. Nilipomaliza kueleza, ilikuwa hivyohivyo.

Chakula alinipakulia. Chake alikwenda kula kwa Bibi Aikaeli.

Jumapili, 21 Juni

Nimepanda Nkoaranga. Pale ilipokuwa kahawa ya zamani, ile mibuni mikavu iliyokuwa haizai tena, Fanuel amechimba mashimo na kupanda miche ya parachichi. Miche sitini. Imesimama mistari iliyonyooka, kila mmoja na kijiti chake. Wakati lilikuwa langu hakupanda hata mmoja.

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kupanda. Akasema alikuwa anaogopa kupanda kwenye cha mtu.

Nikamwambia basi anirudishie. Hakukasirika. Alinikumbusha alivyoniuliza, alivyoweka kalamu chini, na nilivyomwambia asaini. Akasema miche ameinunua kwa fedha za ng'ombe aliyeuza. Yule ng'ombe mweusi, sikuwa nimegundua hayupo. Makaburi ni yetu sote, akasema, na chumba cha mbele ni changu mpaka nife, nije wakati wowote, hata kesho na shemeji. Lakini shamba hapana. Alikaa na baba miaka minane ya mwisho, akambeba kwenda chooni, na hakuwahi kuniomba kitu.

Nikaenda kusimama makaburini kidogo. Baba amepaliliwa vizuri, na maua.

Wakati wa kuteremka nilikuwa nayafikiria yale maparachichi. Miaka mitatu yataanza kuzaa. Wazungu wanayagombania. Na shamba aliyempa ni mimi mwenyewe.

Ijumaa, 26 Juni

Anande alikwenda Kijenge bila kuniaga, akarudi na fomu. Waombaji kumi na mmoja wameshindwa kulipa asilimia kumi, kwa hiyo kuna orodha ya pili. Alimwuliza Nosim kama naye amefutwa kwa makosa yangu. Nosim akamwambia aliyesaini uongo ni mimi, yeye hakusaini chochote.

Ameijaza mezani kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa kubwa. Watu watatu. Laki sita. Mtumba. Kwenye mali akaandika friji na TV. Nikamwambia angalau TV aiache. Akaniambia nikatoe kopi na nisiguse kitu kingine. Nimetoa kopi. Amesimama kando ya mashine muda wote, kama askari magereza.

Hiyo asilimia kumi ataitoa kwenye kikoba chao cha sokoni. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaweka. Abdiel alijua. Mkewe yuko kikoba hichohicho.

Ijumaa, 3 Julai

Amepata. Jengo A, ghorofa ya kwanza, chini ya Abdiel.

Anande alipiga magoti sebuleni, pale kwenye mraba mweupe, na safari hii watu walikuwa wanaomba kweli. Nami nilipiga magoti. Nilishukuru kwa moyo wote, nadhani dakika nne. Ndipo nikakumbuka kwamba ghorofa ya pili inauona mlima wote, na ya kwanza inaona ukuta wa jengo B.

Miaka ishirini nitasikia nyayo za Abdiel juu ya kichwa changu.

Jumamosi, 11 Julai

Kisongo, siku ya funguo. Upepo mkali wa tambarare, vumbi, rangi mpya. Nyumba ni nzuri. Sitaki kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Jiko lina sinki, choo kiko ndani, sebule inaingiza makochi yote na nafasi inabaki. Evelyn amekuja kwa ruhusa, akachagua chumba chake, akafungua na kufunga mlango mara nyingi. Anande alisaini mkataba kwa jina lake. Nosim akamkabidhi ufunguo mkononi, mimi nikakabidhiwa mfuko wa balbu.

Baada ya hapo Nosim akatusomea kanuni za makazi tukiwa tumesimama ngazini. Nyumba hairuhusiwi kupangishwa. Malipo kila tarehe tano. Na atakayetoa taarifa ya uongo kwenye karatasi yoyote ya mradi, mkataba wa nyumba yake unavunjwa. Alisoma hilo mara mbili. Sijui alikuwa anamtazama nani.

Kisha likaja suala la mwenyekiti wa jengo A. Ndiye anayeshika funguo za tangi la maji, anayeongea na ofisi, anayekaa mbele kwenye mikutano. Watu wanane wakamtaja Abdiel. Wanane! Hawajalala hata usiku mmoja hapa na wameshamjua. Akasema kwa unyenyekevu kwamba kama kuna mwingine anayefaa yeye hana shida. Nikakohoa. Mtu akanipa maji.

Nosim akasema anayetaka kugombea achukue fomu, aijaze, airudishe Jumatatu. Nilichukua nikaitia mfukoni wakati Anande anapima madirisha.

Nimeijaza leo jioni kwenye kaunta ya duka. Jina: la kweli. Elimu nimeandika chuo, maana nimekuwa nikichapa kazi za wanachuo miaka mingi na nyingine nimezisoma. Uzoefu wa uongozi: kiongozi wa kwaya. Swali la mwisho linasema mgombea awe ndiye mwenye mkataba wa nyumba, aandike namba ya nyumba na jina la mwenye mkataba. Namba nimeandika. Jina nimeandika langu.

Nilisita kidogo, kwa sababu ya ile kanuni ya ngazini. Lakini jengo lile lina kaya ishirini na nne. Watu wote wale, Nosim hawezi kunikumbuka mimi.